Anza na Soketi ya Ukutani, Kadi Itakuja

Mara kwa mara natumiwa meseji ya aina moja. Bro mambo, nimejichanga, nataka kuunda PC kali ya gemu, hebu niangalizie hii listi. Nikiifungua najua hapohapo ilikotoka, ni video ya YouTube ya jamaa wa Marekani au Ujerumani, pati zote zimenakiliwa vilevile, hata rangi ya feni haijabadilishwa. Na listi sio mbaya, ndo shida yenyewe, iko vizuri kabisa ila imepangwa kwa ajili ya chumba chenye nyuzi joto 21, soketi yenye earth (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), na mtaa ambao ukimuuliza mtu mara ya mwisho umeme umekatika lini anaanza kukuna kichwa. Sasa we upo Tabata, Dar, mwezi wa pili, saa nane mchana, na jirani anachomelea mageti.

Kwahiyo mimi naanza kinyumenyume. Kabla hujaniambia kadi gani ya picha, ile graphics card inayochora gemu, imekutoa udenda, niambie utaichomeka wapi.

Tuanze na ukuta basi. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini ukifungua soketi unakuta waya wa earth haupo kabisa, au upo ila hauendi popote, fundi aliuacha unaning'inia humo ndani. Kwa chaja ya simu hutakaa ujue. Kwa PC utajua siku utakayogusa keisi ukiwa peku, inakutekenya vidole, wengi wakihisi hivyo wanakimbilia kusema pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, ni mbovu. Sio mbovu. Ndani ya pawa saplai yoyote nzuri kuna chujio la kusafisha umeme, na lile chujio linategemea kumwaga mabaki yake kwenye earth, earth ikikosekana chuma chote cha keisi kinabaki na volti kama nusu ya zile 230 za ukutani. Ampea zake ni kidogo sana haziui mtu, lakini siku waya wa moto ukilegea kweli ukagusa chuma, hakuna njia nyingine ya umeme kwenda chini isipokuwa wewe. Halafu kuna wale wenzangu wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, jamani, kwa redio ya bibi sawa, kwa mashine ya mamilioni ule mchezo uacheni. Ita fundi aweke earth rod, mwenye nyumba mwambie tu, hawezi kukataa nyumba yake kuboreshwa kwa hela yako (anaweza kukataa, najua, lakini mwambie).

Baada ya ukuta ndo pawa saplai, na hapa ndo mahali pa mwisho pa kubana hela, ila watu wengi ndo wanapoanzia kubana maana haionekani kwenye picha. Zile zinazokuja bure ndani ya keisi zimebandikwa stika ya 500W ni mapambo. Nyingine bado zina kile kiswichi chekundu cha nyuma cha 115 na 230, mtoto akikichezea kikaenda 115 halafu ukaichomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio mmoja tu na harufu utaikumbuka. Pawa saplai nzuri za sasa hazina swichi, zinapokea zenyewe kuanzia volti 100 hadi 240, maana yake jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na umeme ukashuka mpaka feni ya dari inazunguka kivivu, mashine haina habari. Usidanganywe na neno Gold peke yake pia, ile alama ya 80 Plus inapima ufanisi, yani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, haikuambii hivyo vitu vya ndani vimetengenezwa kwa ubora gani. Tafuta iliyoandikwa ATX 3.1, sababu kadi za siku hizi hazivuti umeme kwa upole, zinavuta kwa mishtuko, na hicho kiwango kinaitaka pawa saplai ivumilie mshtuko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa kipande kidogo mno cha sekunde bila kujizima.

Halafu UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Duka litakuambia hii ni 1000, inatosha kaka. 1000 nini? Ni 1000VA, sio wati, na 1000VA nyingi ukigeuza kibandiko cha nyuma unakuta 600W au chini ya hapo. Sasa chukua RTX 5090, kadi kubwa ya Nvidia, wenyewe wameiandika 575W, kadi peke yake, bado prosesa, bado feni, bado monita, siku umeme ukikatika ukiwa katikati ya mechi ile UPS inalia mara moja na kuzima pamoja na kila kitu, yani umenunua kengele. Na ukishapata ya ukubwa unaofaa usitegemee uendelee kucheza gizani, kazi yake ni kukupa dakika chache useve na uzime kistaarabu, na kukukinga wakati umeme unarudi, maana kwa hapa kwetu umeme kurudi ndo kunaua vitu kuliko kuondoka. Ukirudi subiri utulie kidogo kabla hujawasha, mara nyingi unarudi, unakonyeza, unaondoka tena.

Na bili je? Mashine ya kawaida ya daraja la juu, pamoja na monita, ikicheza gemu nzito inavuta kama 600W ukutani. Masaa manne kila siku ni uniti 2.4, kwa mwezi uniti 72. Kama LUKU yako ipo kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, ile yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, basi gemu limekula karibu zote kabla friji halijasema neno. Mwambie mkeo mapema, au mama kama bado upo nyumbani.

Sasa monita, ambayo kwangu mimi ndo inayochagua kadi, sio kinyume chake. Hesabu yake rahisi: 1080p ina pikseli milioni 2 na kidogo, 1440p ina milioni 3.7, 4K ina milioni 8.3. Kwahiyo mtu wa 4K anaipa kadi kazi mara nne ya mtu wa 1080p kwa kila picha moja, na nimeshaona mtu ana kadi ya kutisha imeunganishwa kwenye kimonita cha ofisini cha 60Hz, hela yote ile imekaa humo ndani inasubiri. Hz nazo zina mahesabu yake ambayo matangazo hayapendi uyajue. Kwenye 60Hz picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7, kwenye 144Hz kila 6.9, kwenye 240Hz kila 4.2. Kutoka 60 kwenda 144 umeokoa karibu milisekunde 10, hiyo hata asiyecheza gemu anaiona kwa kuzungusha mausi tu. Kutoka 144 kwenda 240 umeokoa chini ya 3. Ipo, wachezaji wa mashindano wanaihisi, ila bei inavyopanda na utamu unavyopanda havilingani. Mimi kwa mtu asiyejua aanzie wapi nasema nchi 27, 1440p, Hz 165 au zaidi, na ukiwa na nafasi chukua OLED, ile ambayo kila pikseli inawaka na kuzima yenyewe, weusi wake ukiuona usiku taa zimezimwa hurudi nyuma. OLED ina ugonjwa wake, picha isiyohama ikikaa muda mrefu inaacha alama, kwahiyo kama ndo monita utakayofanyia Excel kutwa nzima, fikiria mara mbili.

Na hapa niseme jambo ambalo hakuna muuzaji atakuambia: hakuna kadi duniani inayopunguza pingi, yani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Ukicheza gemu za mtandaoni za Valve kama CS2 au Dota 2 kutoka Dar, seva zao za maana kwetu zipo Johannesburg na Dubai, data yako lazima isafiri mpaka kule na irudi, iwe una PC ya laki nane au ya milioni kumi na mbili. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima intaneti ikawa inatambaa, wenye 4090, kadi kubwa ya wakati ule, na wenye laptop za dukani wote walikaa barazani. Kama gemu lako ni la mtandaoni tu na shida yako ni kuchelewa kwa risasi, sehemu ya bajeti ipeleke kwenye intaneti ya waya kwanza, uachane na hotspot ya simu.

Haya, kadi sasa, najua ndo mlikuwa mnaisubiri.

Ile 5090 ilitoka Januari 2025 kwa bei ya kutangazwa ya dola 1,999, ina memori GB 32 za GDDR7, ni dude kweli, sibishi. Kwa anayefanya 3D au mambo ya AI nyumbani inaeleweka. Kwa gemu peke yake, na kwa umeme na joto nililosimulia hapo juu, mimi siipendekezi hata kwa mwenye hela, na bei ya kutangazwa yenyewe huku utaisikia kwenye bomba tu. Chini yake kuna 5080 iliyotangazwa kwa dola 999 na 5070 Ti kwa dola 749, na hapa kuna kitu cha kufurahisha, hizi mbili zimekatwa kwenye chipu ya aina moja, zote zina GB 16, tofauti ni kwamba 5080 ina kori (vitengo vya kupiga hesabu) 10,752 na mwenzake 8,960. Yani unaongezewa kori asilimia 20 kwa kulipa asilimia 33 zaidi. Wati nazo ni 360 kwa 300. Kwa 1440p, na hata 4K ukiwasha DLSS, ule ujanja wa Nvidia wa kuchora picha ndogo na kuikuza kwa AI, 5070 Ti inatosha na kubaki. Upande wa pili AMD walileta RX 9070 XT Machi 2025 kwa dola 599, nayo GB 16, wati 304, na kwa gemu za kawaida zisizo na ray tracing nzito (ile hesabu ya miale ya mwanga) inakimbizana na 5070 Ti bega kwa bega. Ukizikuta zote mbili mezani na tofauti ya bei ni kubwa chukua AMD usisikilize kelele, tofauti ikiwa ndogo chukua Nvidia kwa sababu ya DLSS. Huo ndo msimamo wangu.

5070 ya kawaida, iliyotangazwa kwa dola 549, ndo ile Jensen Huang, bosi wa Nvidia, alisimama jukwaani Las Vegas akasema inatoa uwezo wa 4090. Inautoa kwa kuchora fremu, yani picha, za kubuni katikati ya zile za kweli, hadi tatu kwa moja. Jicho linaona ulaini, sawa, ila mkono hauoni wepesi, maana mausi yako inajibiwa na zile fremu za kweli tu. Na ina GB 12. Kwa mashine unayotaka idumu miaka mitano, GB 12 mimi naiona finyu.

Kitu kimoja kuhusu ule waya mpya wa umeme wa kadi, ule wenye pini 16. Mwishoni mwa 2022 4090 zilianza kuyeyuka plagi, na uchunguzi uliofanyika ulionyesha nyingi zilikuwa hazijasukumwa mpaka mwisho. Baadaye plagi ikarekebishwa ikaitwa 12V-2x6, pini za ishara zikafupishwa ili isipoingia vizuri kadi igome kuwaka. Kwahiyo isukume mpaka hakuna pengo, usiikunje palepale inapotokea, na tumia waya uliokuja na pawa saplai yako, sio kiunganishi ulichouziwa elfu kumi na tano kwenye meza ya barabarani.

Prosesa ni stori fupi. Kwa gemu nunua ya AMD yenye X3D kwenye jina. Ryzen 7 9800X3D ilitoka Novemba 2024 kwa dola 479, kori 8 tu, watu wanashangaa kori 8 tena? Siri ipo kwenye keshi, memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa ya kawaida ya ukoo ule ina keshi ya L3 MB 32, hii wameibandikia nyingine MB 64 jumla 96, na gemu linapenda sana data iwe karibu badala ya kwenda kuisubiri kwenye RAM, memori kuu ya mashine. Unachokipata sio namba kubwa ya fremu peke yake, ni kule kutokukwamakwama, ile gemu inakimbia vizuri halafu ghafla inashtuka ukigeuka kona, inapungua sana. Na kwa joto letu kuna faida nyingine haisemwi, kwenye 7800X3D ya 2023 ile keshi ilikuwa juu ya kori ikizuia joto kutoka, kikomo chake nyuzi 89, kwenye hii wameihamishia chini, kori zinagusana na kupoza vizuri na kikomo ni 95. Intel mimi kwa sasa naipita. Gen ya 13 na 14 zilikuwa zinajiua polepole kwa volti mpaka wakatoa marekebisho 2024 na kuongeza waranti miaka miwili, na zilizofuata, Core Ultra 200, kwenye gemu hazikuwafikia hawa. Mazabodi usihangaike, B650 au B850 yoyote yenye jina inatosha, zile X870E za bei ya pikipiki achia wanaopiga picha. Soketi ya prosesa kwenye bodi ni AM5 na AMD wamesema wataendelea nayo hadi 2027 na kuendelea, na rekodi yao kwenye hilo nzuri, 5800X3D ya 2022 ilikubali kukaa kwenye mabodi ya 2017.

Kupoza. Zile namba za joto kwenye review zimepimwa kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu, chumba chako kina 31, jumlisha kumi kwenye kila namba unayoiona na hapo ndo utajua keisi ya vioo vitupu mbele ni wazo la watu wa baridi. Chukua yenye wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachochomoka. Mimi pia ni mtu wa feni, sio maji. Watu wananibishia, lakini kipoza maji pampu ikifa umekaa bila mashine mpaka kingine kije kutoka nje, wakati kipoza cha chuma na feni kama Thermalright Peerless Assassin, ambacho kule kinauzwa kama dola 35, kinachoweza kufa ni feni na feni ipo mtaani. 9800X3D inatulia nayo kabisa. Na kumbuka joto haliishi, linahama. Wati 500 zinazoingia kwenye mashine zinatoka kuwa joto chumbani, ni kama BTU 1,700 kwa saa, AC yako ya BTU 9,000 imepoteza karibu moja ya tano kwa kupoza PC tu. Wa Kigamboni, Mbezi Beach na Unguja ongezeni hewa ya chumvi, fungua usafishe mara nyingi kuliko unavyodhani, na ukipuliza kwa bloa zishike feni zisizunguke, bloa ikizizungusha kupita kiasi inaua bearing.

RAM ndo inauma sasa hivi. Kwa Ryzen hizi kinachotakiwa ni DDR5-6000 CL30, vijiti viwili vya GB 16, sio vinne, ukijaza nafasi zote nne spidi inashuka. Shida ni bei, kuanzia mwishoni mwa 2025 imepaa vibaya sababu viwanda vinapeleka memori kwenye data senta za AI, mpaka Micron, watengenezaji wa memori, Desemba 2025 wakatangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya watu wa kawaida kama sisi. Kwahiyo ukipata GB 32 kwa bei inayovumilika chukua kwanza, vingine vitafuata, na 64 kwa gemu huihitaji. SSD, diski ya kuhifadhia gemu, nayo usivutwe na Gen 5 ya MB 14,000 kwa sekunde, kwenye gemu dhidi ya Gen 4 ya 7,000 utatofautisha kwa saa ya mkononi, sio kwa jicho. Chukua Gen 4 ya TB 2.

Kununua wapi? Kariakoo na Posta utapata baadhi, ila kadi kubwa nyingi mtaagiza, na njia ya wengi ni mtu anayekwenda Dubai, pale Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed wanayoiita Computer Street, Al Ain Centre na maduka yanayoizunguka. Kadi inaingia kwenye begi la mkononi. Angalizo, waranti za kampuni nyingi zinahesabika kwa ukanda ulikonunulia, kadi ikifa miezi sita baadaye inabidi irudi ilikotoka kwa nauli yako, kwahiyo ijaribu mapema na uitese kweli. Pakua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, uangalie namba ya ROP, vitengo vya ndani vinavyomalizia kuchora picha: 5070 Ti iwe 96, 5080 iwe 112. Februari 2025 Nvidia walikiri baadhi ya kadi zilitoka kiwandani zikiwa zimepungukiwa nane, na macho hayawezi kuona. Kwa mtumba ndo muhimu zaidi, kuna kadi za kale zimebadilishwa jina kwenye BIOS (programu ya ndani ya kadi), Windows inasoma jina kubwa, gemu ndo linasema ukweli.

Ikishawaka, kabla hujapiga picha ya taa za rangi ukaweka status, ingia BIOS ya mazabodi, ile menyu inayofunguka kabla ya Windows, uwashe EXPO, mpangilio wa spidi kamili ya RAM, bila hivyo RAM uliyoilipia 6000 inatembea 4800. Halafu nenda kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya refresh rate, uangalie imeandika ngapi. Wapo waliocheza miezi kwenye monita ya 240Hz ikiwa imesetiwa 60 na wakawa wanaisifia. Ukikuta na yako iko 60, badilisha, na usimwambie mtu.